Kwa nini nakala za michezo ya PlayStation hupoteza sauti, na namna ya kuirejesha

Mchezo unafunguka, picha zinakwenda bila tatizo, lakini muziki hausikiki. Au muziki upo, ila mazungumzo ya wahusika yanakatikakatika. Ni hali inayowakuta wengi wanaohamisha michezo yao ya video kutoka kwenye diski za zamani kwenda kwenye kompyuta au flashi.

Kwa mwenye mashine ya PlayStation mjini Kamembe, katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, au ng'ambo ya mto mjini Bukavu, jambo hili si dogo. Utengenezaji wa PlayStation 2 ulikoma mwaka 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Diski nyingi za michezo yake hazitengenezwi tena. Zikiharibika, nakala ya akiba ndiyo inayobaki, na ikiwa ilinakiliwa vibaya, sehemu ya mchezo imepotea ingawa faili lipo.

Hatua ya kwanza ni kujua iwapo sauti haimo kabisa ndani ya nakala, au imo lakini inazuiwa njiani. Tiba za hali hizo mbili ni tofauti.

Sauti iliyoachwa kwenye diski

PlayStation ya kwanza, iliyoingia sokoni nchini Japani mwezi Desemba 1994, ilitumia CD. Baadhi ya diski zake zina sehemu mbili: data ya mchezo, kisha nyimbo zilizorekodiwa kama katika CD ya kawaida ya muziki. Mchezo wa Wipeout wa mwaka 1995 ni mfano mmojawapo. Diski yake ikiwekwa kwenye redio ya CD, muziki wake husikika.

Sekta moja ya CD ina baiti 2,352. Sekta ya muziki huzitumia zote kwa sauti. Sekta ya kawaida ya data hutumia 2,048 kwa data yenyewe, na zinazobaki ni za utambulisho na kusahihisha makosa. Faili la ISO huhifadhi zile 2,048 pekee, na ndiyo maana anayenakili kwa mfumo huo huachwa na mchezo usio na muziki.

Aidha, sauti za filamu fupi na za wahusika mara nyingi huwekwa katika sekta za aina nyingine, zenye baiti 2,324 za data. ISO huzikata, na matokeo yake ni kelele au ukimya.

Tiba ni kuinakili diski upya kwa mfumo wa BIN na CUE. Faili la BIN hubeba baiti zote. Lile la CUE ni maandishi mafupi yanayoeleza kila wimbo unaanzia wapi. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kubadilisha jina la BIN bila kulirekebisha ndani ya CUE, au kufungua BIN moja kwa moja. Jina husahihishwa kwa programu yoyote ya kuandikia, kisha mchezo hufunguliwa kupitia CUE.

Sauti inayokatikakatika

Katika PlayStation 2, chanzo mara nyingi ni kasi. Tundu lake la USB ni la toleo la 1.1, ambalo haliwezi kuzidi megabaiti 1.5 kwa sekunde. Kisomaji chake cha DVD hufikia zaidi ya megabaiti 5. Filamu iliyotengenezwa kwa kasi ya DVD hukwama inaposomwa kutoka kwenye flashi, na sauti hukwama nayo.

Suluhisho ni kutumia diski kuu ndani ya mashine za umbo kubwa la awali, au kuunganisha mashine na kompyuta kwa waya wa mtandao. Anayelazimika kutumia flashi ahakikishe faili limeandikwa kwa mfululizo, bila kutawanywa vipande vipande.

Kwenye kompyuta inayoiga PlayStation, mikwaruzo ya sauti huashiria kuwa kompyuta imezidiwa. Kupunguza ubora wa picha na kuongeza akiba ya sauti katika mipangilio husaidia, ingawa sauti inaweza kuchelewa kidogo.

Diski yenye mikwaruzo

Sekta za muziki hazina ile tabaka ya ziada ya kusahihisha makosa iliyopo kwenye data. Kwa hiyo mkwaruzo usiozuia mchezo kufunguka unaweza kusikika kama mlio katikati ya wimbo. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, isomwe kwa kasi ndogo, na ikibidi ijaribiwe kwenye kisomaji kingine. Mradi wa Redump huhifadhi alama za utambulisho za nakala kamili, zinazowezesha kulinganisha.

Lisilorekebishika

Zipo nakala za magendo ambazo muziki uliondolewa makusudi ili mchezo wa DVD utoshe kwenye CD ya megabaiti 700. Hizo hazina tiba. Vilevile, kununua diski hakumpi mnunuzi hakimiliki ya mchezo. Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa Berne unaolinda kazi za ubunifu, na kuuza nakala bila idhini ya mwenye haki huvunja ulinzi huo.

Kwa mwenye diski halali, muda ndio adui mkubwa: inakiliwe ingali inasomeka, na nakala isikilizwe hadi mwisho kabla diski haijawekwa kando.