Gastein: Bonde la Maji ya Moto Katika Milima ya Austria

Wazee wa pwani waliokuwa wakihesabu mali zao kwa reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, ile iliyopigwa chapa ya mwaka 1780 na kupokewa bila ya shaka Unguja, Lamu na Maskati, walishika mikononi mwao kitu cha nchi ambayo wengi wao hawakupata kuisikia ikielezwa. Malkia huyo alikuwa akikaa Vienna, mji mkuu wa Austria. Na katika majabali ya nchi hiyo, mbali sana na kasri yake, limo bonde la Gastein, mashuhuri kwa maji yatokayo ardhini yakiwa ya moto. Zama zake bonde hilo lilikuwa bado katika himaya ya askofu mkuu wa Salzburg, aliyetawala dini na dunia pamoja, na halikuingia moja kwa moja katika dola ya Austria ila mwaka 1816.

Msafiri aondokaye Salzburg kwa gari la moshi huelekea kusini akifuata mto Salzach, na afikapo Schwarzach njia ya reli huuacha mto huo ikaanza kupanda, ikashika ubavu wa korongo jembamba liitwalo Klamm, ambalo ndilo mlango wa bonde. Akishapita hapo huona malisho ya kijani kibichi, ng'ombe wenye kengele shingoni na nyumba za mbao zenye mapaa mapana ya kuhimili theluji. Hupita kwanza Dorfgastein, kisha Bad Hofgastein, na mwisho, kwenye urefu wa mita 1,000 hivi juu ya bahari, hufika Bad Gastein, mji wenye watu wapatao 4,000, na nyuma yake yamesimama majabali ya Hohe Tauern, ambayo baadhi ya vilele vyake hupita mita 3,000.

Utajiri wa kwanza wa bonde hili haukuwa maji bali dhahabu. Katika karne ya 16 migodi yake ilikuwa imestawi mno, na aila ya Weitmoser ikatajirika hata ngome ndogo ya Christoph Weitmoser ingali ikionyeshwa Hofgastein mpaka leo. Wenyeji husimulia kwamba mke wa tajiri huyo, alipoombwa sadaka na ajuza mmoja njiani, alivua pete yake kidoleni akaitupa katika maji ya korongo, akaapa kwamba kama pete ile haitamrudia, basi na umaskini hautamfikia. Hazikupita siku nyingi, pete ikaonekana tumboni mwa samaki aliyeletwa mezani pake, na mali ikaanza kuwatoka. Hadithi ni hadithi, lakini dhahabu kweli ilipungua, na wachimbaji wakatawanyika.

Maji hayakupungua. Mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya katika nyufa za majabali, hushuka kina kirefu, hupata joto la ardhi, na baada ya muda mrefu kupita umri wa mwanadamu hupanda tena na kutoka katika chemchemi zaidi ya 15, kiasi cha lita milioni 5 kwa siku, mengine yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi za sentigredi. Tabibu Paracelsus, aliyefariki Salzburg mwaka 1541, aliyataja katika maandiko yake, na wagonjwa wa baridi yabisi walikuwa wakiyaendea tangu kabla ya hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walipoyapima waliona kwamba yamechanganyika na radoni, hewa isiyo na rangi wala harufu, itokanayo na madini ya radiamu yaliyomo katika mawe.

Khabari za maji haya zilipoenea, wakubwa wa Ulaya walianza kumiminika. Askofu mkuu Colloredo alijijengea jumba la kuogea katika miaka ya 1790. Franz Schubert, mtunzi wa muziki, alifika mwaka 1825, na kazi yake moja ya piano aliyoitunga huko hujulikana hadi leo kwa jina la Gastein. Naye Wilhelm wa Kwanza, mfalme wa Prussia aliyekuja kuwa kaisari wa Ujerumani, aliyapenda maji hayo kiasi cha kurejea mwaka baada ya mwaka, na njia moja ya matembezi ingali ikiitwa kwa jina lake. Wafalme waendapo kuoga hawaachi siasa nyumbani: tarehe 14 Agosti 1865, Bismarck wa Prussia na mjumbe wa Austria walitia sahihi mapatano ya Gastein, wakagawana utawala wa Schleswig na Holstein, nchi mbili walizokuwa wamemnyang'anya mfalme wa Denmark. Maji yaliponya viungo, hayakuponya husuda. Haukutimia mwaka, dola hizo mbili zikapigana vita.

Kilichougeuza mji huo wa wafalme kuwa mji wa kila mwenye nauli ni reli, iliyofika mwaka 1905, na miaka minne baadaye ikapasuliwa njia chini ya milima ya Tauern hata upande wa kusini. Ndipo zikajengwa hoteli kubwa kubwa, na iliyozipita zote kwa fahari, Grand Hotel de l'Europe, ikafunguliwa mwaka 1909.

Sura ya mji huu ni ya ajabu. Maporomoko ya mto Ache huanguka mita 341 kwa ngazi tatu, nayo hayako nje ya mji bali yamepita katikati yake. Majumba ya ghorofa nyingi yamesimama huku na huku kwenye kingo za genge, na penye daraja la mawe wapitao hulazimika kupaza sauti ili wasikilizane, na nguo zao hulowa rasharasha hata siku ya jua. Kwa kuwa hakuna kiwanja kilicho sawa, mgeni huingia hotelini kwa mlango ulio barabara ya juu, hupewa ufunguo wa chumba, akapanda lifti akidhani anakwenda juu, kumbe inateremka naye, na afunguapo dirisha hujiona bado yuko juu sana ya bonde. Asubuhi za baridi mvuke hufuka mahali maji ya moto yatokapo, na harufu ya misonobari iliyolowa hutanda kila upande.

La kustaajabisha zaidi liko kijiji cha jirani, Böckstein. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walirejea kuchimba, wakitumai kuufufua utajiri wa kale. Dhahabu ya kutosha hawakuipata, bali walikutana na joto kali la unyevu, na wachimbaji waliokuwa wakiugua viungo wakaanza kusema kwamba maumivu yao yamepungua. Wataalamu walichunguza, na mwaka 1952 handaki hilo likafunguliwa kuwa mahali pa matibabu. Mgonjwa hupimwa kwanza na daktari, kisha huvua nguo, hupanda kigari cha moshi kidogo kinachoingia kilomita zipatazo mbili ndani ya mlima, na hulala kimya juu ya kitanda katika joto la nyuzi 37 hadi 41, jasho likimtoka kama la Mombasa wakati wa kaskazi, huku akivuta ile hewa ya radoni. Haifai kusema kwamba wataalamu wote wamekubaliana: radoni iliyokusanyika nyumbani kwa miaka mingi hujulikana kuleta saratani ya mapafu, na kwa sababu hiyo vipimo vya handaki huwekewa mpaka, na asiyeruhusiwa na daktari haingii.

Mji wenyewe nao uliugua. Wageni matajiri wa zamani walipotoweka, na safari za ndege zilipowachukua watu kwenda kwenye fukwe za bahari, majumba yaliyozunguka uwanja wa Straubinger, pale pale palipofanyika mapatano ya 1865, yalibaki matupu kwa miaka mingi, madirisha yamevunjika na rangi imebanduka. Mchezo wa kuteleza juu ya theluji ndio uliousaidia mji usife, hata mashindano ya dunia ya mchezo huo yakafanyika huko mwaka 1958. Hatimaye serikali ya jimbo la Salzburg iliyanunua majumba hayo ili yasianguke, ikayauza kwa wawekezaji, na mwaka 2023 yakafunguliwa tena kupokea wageni.

Basi atakayejaaliwa kufika Austria asiishie Vienna na Salzburg peke yake. Apendaye theluji na aende kuanzia Desemba, na asiyeiweza baridi angoje Juni hadi Septemba, wakati njia za milimani ziko wazi. Nguo nzito achukue vyovyote vile, kwani jioni za bonde hilo ni za baridi hata katika kiangazi. Na kama aendealo ni tiba, asiridhike na sifa za wafalme wala na maneno ya mwandishi wa safari: aanze kwa daktari wake nyumbani, amuulize juu ya moyo wake na shinikizo la damu yake, kwani maji hayo yamewafaa wengi wenye maumivu ya viungo, lakini si dawa ya kila maradhi.