Nyumba ya Bei Nafuu Huanzia Kwenye Bikoni

Kila msimu wa bajeti husikika habari ile ile: halmashauri fulani imetenga eneo, ghorofa za bei nafuu zitajengwa, wananchi wakae mkao wa kula. Kabla ya kutazama michoro ya rangi inayoambatana na tangazo, mimi hutafuta kikokotoo.

Chukua Magomeni Kota, Dar es Salaam. Familia 644 zilivunjiwa kota zao za zamani mwanzoni mwa miaka ya 2010, zikatawanyika kupanga huku na kule kwa takriban muongo mzima. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa mapya, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa zaidi ya Sh bilioni 50. Kwa familia zile ilikuwa haki iliyochelewa, na sina neno juu ya hilo. Lakini gawanya bilioni 50 kwa nyumba 644: kila moja inakaribia Sh milioni 78, na ardhi haijahesabiwa. Mtu akikopa kiasi hicho benki kwa riba ya asilimia 15, ambayo kwa mikopo ya nyumba hapa kwetu ni riba ya chini, akalipa kwa miaka 20, rejesho lake linapita Sh milioni moja kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, hata baada ya kupandishwa mwaka 2025, ni Sh 500,000. Na huyo ana mshahara. Mama ntilie na fundi viatu hawamo kabisa kwenye hesabu hii, ndiyo maana wenye mikopo ya nyumba nchi nzima ni maelfu machache tu.

Basi watu milioni 5.4 waliohesabiwa Dar es Salaam katika sensa ya 2022 wanalala wapi? Wengi wao wanalala kwenye nyumba zilizojengwa na watu wa kawaida, kidogo kidogo. Mtu ananunua kipande cha ardhi, anafyatua matofali mia sasa hivi na mia nyingine baada ya mavuno au mchezo wa kikundi. Rundo lile la matofali ndiyo akaunti yake ya akiba. Anapandisha msingi, anahamia kwenye vyumba viwili visivyo na plasta, madirisha yamezibwa kwa mabati, na chumba cha tatu kikishaezekwa anampangisha mtu ili kodi imalizie vilivyobaki. Ile nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba huku na huku na choo uani, mwenye nyumba na wapangaji chini ya paa moja, imewahifadhi watu wengi wa mji huu kuliko shirika lolote la nyumba.

Kujenga, kwa hiyo, wanajua. Wasichoweza kujifanyia wenyewe ni kuhakikisha kati ya nyumba hii na ile imebaki njia ya kupita gari la wagonjwa, mfereji wa mvua na bomba la maji, na kwamba mwenye nyumba ana karatasi isiyobishaniwa. Hapo ndipo mamlaka ya serikali za mitaa ina kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya: kupima ardhi na kusimika bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, kabla watu hawajafika.

Hili si wazo jipya, na ushahidi wake tunaupita kila siku kwa daladala. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianzisha mradi wa viwanja na huduma katika Dar es Salaam na miji mingine. Sehemu moja ya mradi ilipima maeneo yaliyokuwa karibu matupu, kama Sinza na Kijitonyama: zikachongwa barabara, yakapitishwa mabomba, watu wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Sehemu ya pili ilikwenda mahali ambapo watu walikuwa wameshajenga, kama Manzese, ikapenyeza barabara na maji katikati ya nyumba zilizokuwepo. (Wakati mradi unaanza, Jiji lilikuwa halina baraza lake; mabaraza ya miji yalifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakarudishwa 1978. Kazi ilisimamiwa kutoka wizarani, na nani angetunza mifereji baada ya mradi kuisha lilikuwa swali lisilo na mwenyewe.)

Wachumi walirudi kupima matokeo baada ya zaidi ya miaka 30. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2021 katika Journal of Political Economy, ulilinganisha maeneo ya mradi na maeneo ya jirani ambayo hayakuguswa. Kule kulikopimwa kwanza, nyumba zilikuwa kubwa zaidi, bora zaidi na zimepangika, na thamani ya ardhi ilikuwa juu sana. Kule kulikoboreshwa baada ya watu kujenga, tofauti na maeneo yasiyoguswa ilikuwa ndogo mno kujivunia. Mabomba huziba na lami huchakaa, lakini hifadhi ya barabara iliyowekwa kabla ya msingi wa kwanza hubaki. Kuipata hifadhi hiyo baada ya nyumba kusimama maana yake ni kubomoa na kulipa fidia, na hapo halmashauri nyingi huishia kuchora mstari kwenye ramani na kuuacha hapo hapo.

Kwa nini basi hatupimi kwanza? Tumejaribu, na jaribio kubwa linafaa kutazamwa kwa makini. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa Dar es Salaam: Kibada, Tuangoma, Bunju, Mbweni, Mivumoni, Buyuni, Mwanagati na kwingineko. Mradi ulijiendesha kwa mkopo kutoka Hazina ambao ulirejeshwa kwa mauzo ya viwanja. Kwa idadi ulivuka lengo kwa mbali, na waliopima wanastahili pongezi. Lakini tazama nani alinunua. Ili mkopo urudi, bei ya kiwanja ilibeba fidia ya wenye mashamba, gharama za upimaji, barabara za changarawe na ada zote, na mnunuzi alitakiwa kulipa kwa mkupuo. Mtu wa matofali mia kwa msimu hana mkupuo. Viwanja vikachukuliwa na wenye vipato vya kati na vya juu, wengine wakajinunulia zaidi ya kimoja, na kwa miaka mingi baadaye ungekuta bikoni zimemezwa na majani kwenye maeneo ambayo kwenye ramani yalikuwa yamejaa. Wakulima waliofidiwa nao walisogea mbele, wakauziana ardhi isiyopimwa, na makazi holela yakaanza upya hatua chache kutoka mpaka wa mradi.

Mpango wa kupanga, kupima na kumilikisha, maarufu kama KKK, ambao serikali iliutengea mkopo usio na riba wa Sh bilioni 50 kwa ajili ya halmashauri, una hatari hiyo hiyo ndani yake. Halmashauri inayodaiwa na Hazina itapima nini? Itapima kile kinachouzika haraka: kiwanja kikubwa, kando ya barabara kuu, kwa mteja mwenye fedha taslimu. Sioni ubaya wa moyo hapo. Ni namna mkopo ulivyofungwa, na unaweza kufungwa vingine: viwanja vya biashara na vya pembezoni mwa lami viuzwe kwa bei ya soko, na faida yake ishushe bei ya viwanja vidogo vya nyuma, vinavyolipwa kwa awamu za miaka mitatu au minne.

Ukubwa wa kiwanja ni kisa kingine. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilichokubalika kwenye michoro ya mipango miji kilikuwa mita za mraba 400. Kariakoo na Magomeni, ambako watu wanang'ang'ania kuishi, wala hazikuhitaji ukubwa huo. Waliolisukuma jambo hili la viwanja vidogo kwa vitendo ni vikundi vya kuweka akiba vya watu wa hali ya chini, wakiwemo waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari. Takriban mwaka 2008 walinunua pamoja ekari 30 Chamazi, Temeke, kwa Sh milioni 24, wakafyatua matofali yao wenyewe na kuzungumza na manispaa wakubaliwe viwanja vidogo. Nyumba zilijengwa polepole kuliko matumaini, na Chamazi ni mbali na bandari ambako wengi walikuwa na vibarua vyao. Nauli ilikula sehemu ya kile kilichookolewa kwenye ardhi. Hata hivyo walionyesha kwamba watu 300 wakinunua shamba kwa pamoja na kulipima, kila mmoja anapata sehemu yake kwa bei ambayo peke yake asingeiota.

Manispaa zenyewe zina uwezo gani? Mfuko wao umetobolewa. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ni chanzo asilia cha mapato ya mji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi Sh 1,500 mwaka 2023. Ukusanyaji umerahisishwa kweli. Lakini nyumba ya Masaki isiyo ya ghorofa na ya Mbagala zinakatwa sawa, na mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa kodi ya mwenye nyumba, kisha huelekezwa adai arudishiwe. Sijamwona anayedai. Kilichopotea zaidi ni ile sababu ya halmashauri kujali: ilipokusanya yenyewe, kila mtaa uliopimwa ulikuwa mapato ya kesho.

Kuna fedha iliyobaki mikononi mwao, nayo hutajwa mara chache kwenye mjadala wa nyumba. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mikopo hii huenda kwenye bodaboda, kuku, sabuni na ushonaji. Ni vizuri. Ila biashara mojawapo ya wanawake wa makamo uswahilini ni kupangisha vyumba, na hiyo haionekani kwenye fomu za maombi. Mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne na choo cha shimo kinachofurika masika ni mwekezaji wa nyumba za bei nafuu, apende asipende.

Mpangaji wake ndiye mtu tuliyemsahau. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa katikati ya miaka ya 2000, na tangu hapo mkataba ni makubaliano: miezi sita au mwaka mzima mbele, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Barabara ya mtaa ikiwekwa lami na taa, kodi hupanda, na yule aliyekaa humo wakati wa matope huhama kwenda kwenye matope mengine. Miradi ya uboreshaji, kuanzia ule wa mtaa wa Hanna Nassif, Dar es Salaam, wa miaka ya 1990 hadi ya hivi karibuni, imehesabu vizuri kilomita za mifereji; wapangaji waliohama haikuwahesabu kwa umakini huo.

Ningekuwa diwani, ningeanzia kwa mjane yule. Kikundi cha wenye nyumba watano au sita wa mtaa mmoja, wakopeshwe kutoka ile asilimia 10 wajenge vyoo vinavyonyonyeka na kuongeza chumba kimoja kila mmoja, kwa sharti lililoandikwa: kodi ipokelewe kwa mwezi, na isipande kwa miaka miwili. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anawafahamu kwa majina, na mwenyekiti wa mtaa anajua nani anampangisha nani. Rejesho litatoka kwenye chumba chenyewe.