Kabla ya Kuwafundisha Wanafunzi Ushirikiano

Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ulibomoka. Maji na tope vilitoka nje ya eneo la mgodi, vikafunika mashamba na kuingia katika makazi ya watu. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini zipo familia zilizopoteza nyumba na mashamba. Kwa wakazi wa Songwa na vijiji vingine vilivyo jirani na mgodi huo, hiyo haikuwa habari ya gazetini tu.

Hebu tujiulize: tukio la namna hii ni la somo gani? Mhandisi atasema ni la kwake, kwa kuwa ukuta husimama pale tu nguvu zinazoushikilia zinapozidi nguvu zinazousukuma. Uwiano wa nguvu hizo ukishuka chini ya 1, ukuta huporomoka. Mwanajiolojia atakumbusha kwamba almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940 na Dkt. John Williamson kutoka Kanada, zimo katika mwamba uitwao kimbalaiti. Mwamba huo ukisagwa na kuoshwa hutoa chembe laini za mfinyanzi ambazo hushika maji na kukawia kutuama. Mtaalamu wa udongo atauliza shamba litarudiwa lini na rutuba yake. Daktari atauliza juu ya maji ya kunywa. Mwanasheria, juu ya fidia. Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, wala hakuna aliye nao wote.

Matatizo ya maisha hayakugawanyika kwa idara kama vyuo vyetu. Ndiyo sababu vyuo vikuu vingi duniani vimeanzisha kozi za shahada ya kwanza zinazovuka mipaka ya taaluma, ambamo wanafunzi wa fani mbalimbali hushughulikia tatizo moja wakiwa kikundi, wakishirikiana na wananchi wanaoishi na tatizo lenyewe. Lakini nani atawafundisha hao wahadhiri wa kufundisha kozi hizo?

Mfano wa Shinyanga

Mkoa wa Shinyanga wenyewe una ushahidi kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Baada ya miongo mingi ya kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kupata kuni, sehemu kubwa ya ardhi ilibaki tupu. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Nguzo yake kuu ilikuwa desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili: eneo la malisho hufungwa wakati wa masika, nyasi na miti ikue, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Ngitili zilizohesabika mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hapo mtaalamu wa misitu, mtaalamu wa mifugo na mwanauchumi walihitajiana. Lakini elimu iliyowaunganisha ilikuwa ya wafugaji. Kuvuka mipaka ya taaluma ni zaidi ya kuketi pamoja wenye shahada. Ni kukubali pia kwamba asiye na shahada anaweza kuwa mwalimu.

Ugumu uko wapi?

Wengi wetu tuliopata shahada ya uzamivu tuliipata kwa kuzama miaka kadhaa ndani ya swali moja jembamba. Malezi hayo ni mazuri kwa utafiti, lakini hayamwandai mtu kufundisha na wenzake. Aghalabu kozi inayoitwa ya pamoja huwa ni kupokezana zamu: wiki hii mkemia, wiki ijayo mwanasosholojia, na mwanafunzi huachiwa peke yake kazi ya kuunganisha ambayo walimu wake wameshindwa kuifanya.

Kwa hiyo maandalizi hayana budi kuanza na wahadhiri. Kwanza, waende uwandani pamoja kabla ya wanafunzi, na kila mmoja aandike anachokiona na asichoweza kukiona kwa taaluma yake. Pili, wapatane juu ya maana ya maneno. Neno "salama" kwa mhandisi ni uwiano wa nguvu. Kwa daktari ni kiasi cha sumu mwilini. Kwa mkulima ni kuvuna na kulala bila hofu. Tatu, watunge swali moja ambalo ni la wote. Nne, wasahihishe kazi ileile kila mtu peke yake, kisha walinganishe alama na kutetea sababu zao. Alama zenyewe zipime kazi ya kikundi na mchango wa kila mwanafunzi, ili mvivu asibebwe wala mwenye bidii asidhulumiwe. Tano, wajifunze kuongoza kwa kuuliza, na kunyamaza pale wanafunzi wanapobishana kwa hoja.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2010 uliundwa mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kati uliounganisha shule za afya ya jamii na za tiba ya mifugo, vikiwemo Muhimbili na Sokoine kwa upande wa Tanzania. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo katika ukanda huu mwaka 2006 na 2007, ilikuwa imeonyesha jinsi daktari wa binadamu na wa wanyama wanavyotegemeana. Mtandao huo ulitoa mafunzo kwa wahadhiri pamoja na wanafunzi.

Maandalizi hayo yanataka muda, nao muda ni lazima utambuliwe katika ratiba na katika kumpandisha mhadhiri cheo. Chuo kinachohesabu makala zake binafsi tu kisishangae akikataa kufundisha na wenzake.

Shule ya sekondari nayo yaweza kuanza bila kungoja. Karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita, kwa mfano, walimu watatu wa kemia, biolojia na jiografia wanaweza kuchagua swali la zebaki: inavyonasa dhahabu, inavyogeuka mvuke ikichomwa, inavyoingia majini na hatimaye katika samaki. Waanze kwa kuulizana wao kwa wao, kisha wamwalike mchimbaji mwenye uzoefu aeleze kwa nini bado anaitumia. Wanafunzi wakiwaona walimu wao wakiulizana na kusikilizana, watakuwa wameanza kujifunza ushirikiano.