Akalati: jina, maana na upatanisho

Akalati (nomino, umoja na wingi: akalati, upatanisho wa A-WA) ni ndege mdogo wa jenasi Sheppardia, mwenye urefu wa sentimita 12 hivi, anayekula wadudu na kuishi katika uoto wa chini wa misitu ya Afrika. Akalati wa pwani hupatikana, miongoni mwa maeneo mengine, katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya. Akalati wa Usambara hupatikana katika milima ya Usambara Magharibi pekee, nchini Tanzania.

Jina hili ni la mkopo. Irabu i imeongezwa mwishoni kwa sababu silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Mfasiri anapaswa kujihadhari na mambo matatu.

Kwanza, asilibadilishe jina hili kwa kurumbiza au kurumbizi. Kamusi kongwe zilimweleza kurumbizi kuwa ndege mdogo wa manjano, mdadisi wa mambo ya watu. Akalati ana mgongo wa kahawia, naye hujificha vichakani. Mkazi wa kandokando ya msitu akisoma kwamba “kurumbizi” yu hatarini kwa sababu ya ukataji wa miti, huenda akamwona yule wa manjano juu ya mwembe wake na kudhani kwamba ameelezwa uongo. Onyo litakuwa limepotea kwa sababu ya neno moja.

Pili, akalati hufuata siafu, lakini asiitwe “mla siafu”. Safu ya siafu inapopita, panzi, mende na wadudu wengine hukurupuka kutoka chini ya majani makavu. Hao ndio anaowadaka.

Tatu, akalati ni kiumbe hai. Ingawa umbo la nomino halibadiliki katika wingi, upatanisho wake ni wa A-WA:

Akalati huyu amejificha. (Si: Akalati hii imejificha.)
Akalati wa Usambara wamepungua. (Si: Akalati za Usambara zimepungua.)

Kanuni ni ileile inayotenganisha ndege huyu, mwenye uhai, na ndege hii, chombo cha kusafiria angani.

Neno hili linapotajwa mara ya kwanza katika matini, liambatane na maelezo mafupi: “akalati, ndege mdogo wa msituni anayekula wadudu”. Baada ya hapo, akalati peke yake latosha.