KAZI YA MSIMAMIZI WA MIRADI YA KOMPYUTA

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumo katika kufikiri juu ya masomo ya Kidato cha Tano na vyuo, na kila mmoja wetu huulizwa na wazazi wake, "Je, wataka kuwa nani?" Mimi nilipomwambia baba kwamba napenda kuwa msimamizi wa miradi ya kompyuta, alinitazama kitambo kisha akauliza, "Na huyo hufanya nini? Huunda kompyuta, au hukaa tu akiwaamuru wenye kuziunda?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na naona yafaa niwagawie wenzangu niliyoyapata kabla hatujajaza fomu zetu.

Kwanza yatupasa tujue mradi ni nini. Mradi si kazi ya kila siku kama kupiga kengele au kufagia bweni. Ni kazi yenye mwanzo na mwisho, nayo huacha kitu ambacho hakikuwapo. Benki inapotaka mfumo mpya wa kutunza hesabu za wateja, au hospitali inapotaka kuacha mafaili ya karatasi, huo ni mradi. Wapo wanaoandika programu, wapo wanaozijaribu, wapo wanaofunga mitambo na nyaya, na wapo watakaoutumia mfumo. Msimamizi ndiye anayewaunganisha wote hao. Huuliza nini kinatakiwa, huigawa kazi vipande vipande, hukadiria siku na fedha, huandika nani afanye nini na lini, na humpa mwenye mradi taarifa ya kweli hata ikiwa ni mbaya. Mfano wake ni msimamizi wa ujenzi: si lazima aweke kila tofali, lakini ukuta ukienda upande, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mambo haya nilijifunza kwa aibu. Mwaka jana chama chetu cha kompyuta kilinipa kazi ya kuwaongoza wenzangu 6 kuandikisha vitabu vya maktaba katika kompyuta. Nilimwahidi mwalimu kwamba tutamaliza kwa majuma 2, tukaanza siku ile ile kwa furaha. Tulipokwisha kuandika vitabu zaidi ya 400, mwanafunzi anayetunza maktaba alikuja kutazama. Akasema, "Vizuri, lakini kitabu kimoja cha kiada kina nakala 40. Nitajuaje nakala ipi iko kwa nani?" Hatukuwa tumeweka mahali pa namba ya nakala. Kazi ikarudiwa tangu mwanzo, umeme nao ukawa unakatika, na majuma 2 yakawa muhula mzima. Hakuna aliyekosa ila mimi, kwa sababu nilianza kazi kabla ya kumwuliza mwenye kuitumia. Nilifedheheka hata nikadhani kazi hii si yangu.

Baadaye nilisoma kwamba hata wakubwa wamepata kutumbukia katika shimo hilo. Tarehe 26 Oktoba 1992 idara ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kutumia mfumo wa kompyuta kuyapangia magari safari, tena kwa mji wote kwa mara moja. Programu ilikuwa haijakamilika wala haijajaribiwa sawasawa, na watumishi hawakufundishwa ya kutosha. Mfumo ukawa haujui magari yako wapi, simu zikarundikana, na wagonjwa wakangoja. Tarehe 4 Novemba mfumo ukasimama kabisa, wakarudia kalamu na karatasi. Wachunguzi walionyesha katika ripoti yao ya mwaka 1993 kwamba muda uliopangwa kwa kazi ile haukuwezekana tangu mwanzo. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na hapa twaona kwamba haraka yaweza kuhatarisha hata maisha ya watu.

Sasa tutazame mfano mwema ulio karibu nasi. Mwezi Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza jaribio dogo la M-Pesa huko Nairobi na Thika, lenye mawakala 8 na wateja wasiofika 500. Nia yao ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Lakini wasimamizi walipochunguza, waliona wateja wakifanya mambo ambayo hayakukusudiwa: wengine walitumiana fedha, na wengine waliweka fedha kabla ya safari wakazitoa walikofika. Hawakuwakemea. Waliubadili mradi, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Jaribio lile dogo liliwafundisha jambo ambalo mimi ningejifunza kwa rafu moja tu ya vitabu.

Labda msomaji atauliza, "Nifuate njia gani?" Tahasusi zenye Hisabati, kama PCM, PGM na EGM, zafaa. Baadaye mtu aweza kusoma sayansi ya kompyuta au mifumo ya habari, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma. Asiyekwenda Kidato cha Tano asikate tamaa, kwa kuwa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) huwapokea wa Kidato cha Nne waliofaulu masomo ya sayansi kusomea stashahada. Lakini tusidanganyane: ni wachache mno wanaotoka chuoni wakapewa mradi mkubwa. Wengi huanza kwa kuandika programu, kuzijaribu, au kuchunguza mahitaji ya watumiaji, na hupewa usimamizi baada ya miaka. Viko na vyeti, kama vile CAPM kwa wanaoanza na PMP kwa waliokwisha kuongoza miradi. Vyote viwili hutolewa na chama cha PMI kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969. Ada zake si ndogo, basi wazazi wasikimbilie kulipa kabla mtoto hajapata misingi ya kazi.

Tena tusidharau Kiswahili na Kiingereza. Msimamizi huandika barua, taarifa na kumbukumbu za mikutano kila juma, na asiyeweza kueleza jambo likaeleweka atawapoteza mafundi wake. Mazoezi yapo hapa hapa shuleni. Anayeandika kumbukumbu za chama cha midahalo, au anayepanga safari ya timu ya mpira na kuhesabu nauli, amekwisha kuanza kujifunza.

Nilipokwenda likizo nilimweleza baba haya yote, pamoja na habari ya maktaba bila ya kuficha. Alicheka, kisha akasema, "Haya, likizo ijayo utasimamia ujenzi wa banda la kuku, nami nitatazama kama utaanza kwa kumwuliza mama yako." Nimekwisha kumwandikia mama barua yenye maswali 9. Fomu yangu nayo nimeijaza, na sikuogopa.

Wasalaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne