Usugu wa Dawa Pwani (Sehemu ya 2): Mafua ya Mzazi, Damu ya Mtoto Mchanga

Wiki iliyopita tulieleza namna penisilini inavyobomoa ukuta wa bakteria. Leo tutazame kwa nini ukuta huo siku hizi haubomoki, na kwa nini anayeumia kwanza ni mtoto mchanga ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Hospitali ya Kilifi ni miongoni mwa mahali pachache Afrika ambapo jambo hili limefuatiliwa miaka mingi mfululizo. Tangu 1998, watafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome wamekuwa wakichukua damu ya karibu kila mtoto anayelazwa na kuiotesha maabara. Matokeo ya miaka minne ya mwanzo yalitolewa 2005. Kati ya watoto 100 waliokuwa na bakteria katika damu walifariki 28. Kati ya wasiokuwa nao, 6. Thuluthi moja ya vifo hivyo vya bakteria ilitokea siku ileile ya kulazwa. Hapo hakuna nafasi ya kujaribu dawa ya pili.

Dawa ya kwanza kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi kama hayo huwa ni penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini. Ikishindwa, madaktari hukimbilia seftriaksoni. Sasa basi: wataalamu waliposoma vinasaba vya bakteria 198 wa aina ya Klebsiella waliokusanywa Kilifi kati ya 2001 na 2011, walikuta jeni za kimeng'enya kinachoikata hata seftriaksoni.

Bakteria hawa sugu wametoka wapi? Matumboni mwetu. Klebsiella na E. coli huishi humo kwa amani. Mtu wa Malindi au Mtwapa akishikwa na mafua, ambayo ni ya virusi, hununua amoksilini dukani bila cheti cha daktari ingawa sheria inakitaka. Virusi havidhuriki. Tumboni, bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana kwa nafasi. Tena hupeana plasmidi, vipande vidogo vya vinasaba vyenye jeni za usugu, hata kama si wa jamii moja. Kisha mikono, choo, maji na chumba cha kuzalia huwafikisha kwa mtoto.

Nasaha ya "maliza dozi" tumeihubiri sana. Kwa maoni yangu, dozi isiyostahili kuanzwa ina madhara makubwa zaidi, imalizwe isimalizwe.

Wala simlaumu mama wa Ganze anayekwenda duka la karibu kwa kukosa nauli. Zahanati nyingi zinaweza kupima malaria, lakini kuotesha damu haziwezi. Malaria isipoonekana, mgonjwa hupewa antibaiotiki kwa kubahatisha. Maabara ndilo deni kubwa la serikali zetu, ya kitaifa na ya kaunti.

Chanjo nayo husahauliwa katika mjadala huu. Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya Hib 2001, na dhidi ya numokokasi 2011. Magonjwa makali ya bakteria hao wawili, ikiwemo nimonia, yalipungua sana Kilifi, na mtoto asiyeugua nimonia hahitaji dawa ya kuitibu.

Juma lijalo tutaingia katika mabanda ya kuku. Kwa sasa, ndugu msomaji, ukiwa na mafua usiitishe amoksilini. Mpeleke mtoto akamilishe chanjo zake. Na yeyote anayetaka kumpakata mtoto mchanga nyumbani kwako, mwambie anawe mikono kwa sabuni kwanza.