Picha za mtandaoni si mali ya bure: Yanayompasa mwenye biashara kujua

WAFANYABIASHARA wengi wanapofungua tovuti, hutafuta picha kabla hata ya kupanga maneno. Mwenye hoteli ya Diani hutaka ufuo wa mchanga mweupe, naye muuza samani wa Gikomba hutaka sebule iliyopambwa ikapambika. Huandika maneno mawili matatu kwenye Google, akapakua picha inayompendeza na kuibandika. Kazi hiyo humchukua dakika tano, lakini gharama yake huenda ikamfikia miaka kadhaa baadaye kupitia barua ya wakili.

Kosa huanzia kwenye dhana kwamba kilichowekwa hadharani ni cha kila mtu. Google huonyesha tu mahali picha ilipo. Haiiuzi wala haiigawi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, picha ni kazi ya sanaa, sawa na mchoro au sanamu, na hulindwa mara tu inapopigwa. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni wa hiari, na faida yake kubwa ni kumpa mwenyewe ushahidi unapozuka mzozo. Kwa hivyo, picha isiyo na jina wala alama ya mmiliki si picha isiyo na mwenyewe.

Ulinzi huo hudumu miaka 50. Huhesabiwa tangu mwisho wa mwaka ambao picha ilipigwa, ilitolewa kwa umma au ilichapishwa mara ya kwanza, kutegemea ni upi uliokuja mwisho. Picha za wageni nazo zina kinga nchini, kwani Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa na uandishi mwaka wa 1993.

Sheria inaruhusu kazi ya mtu itumiwe bila idhini katika mambo machache, yakiwemo utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti matukio. Kutangaza bidhaa si mojawapo. Kumtaja mpigapicha pia hakutoshi: ni heshima anayostahili, lakini si badala ya ruhusa yake.

Mwenye picha aliyedhulumiwa anaweza kuomba korti izuie matumizi hayo na imlipe fidia, au badala ya fidia, alipwe kiasi kinacholingana na ada ambayo angetoza iwapo angeombwa ruhusa. Marekebisho ya mwaka wa 2019 yaliongeza utaratibu wa kuitumia kampuni ya huduma za intaneti notisi ya kutaka kazi iliyochukuliwa kiharamu iondolewe. Tena, kumpata aliyenakili si vigumu. Mitambo kama TinEye, iliyoanza mwaka wa 2008, hupokea picha na kutafuta kurasa zenye nakala zake.

Picha za kuagiza

Kipo kipengele ambacho wateja na wapigapicha wengi hawakifahamu. Mtu anapoagiza apigiwe picha, au mwajiriwa anapoipiga akiwa kazini, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama wamekubaliana vingine.

Mtego uko katika maneno hayo ya mwisho. Mkataba ukisema kuwa picha ni za kijitabu cha matangazo pekee, kuziweka kwenye tovuti ni kuvuka mpaka. Aidha, picha iliyokuwa tayari katika hifadhi ya mpigapicha haikuagizwa. Kuinunua hakimiliki yake kunahitaji hati iliyotiwa saini. Mapatano ya simu hayatoshi. Hata hakimiliki ikishahama, mpigapicha husalia na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeipiga, na ya kupinga isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima.

Leseni na maana zake

Kampuni kama Getty Images na Shutterstock huuza leseni wala si picha yenyewe. Ipo leseni ya kulipiwa mara moja na kutumiwa mara nyingi, na zipo picha zilizotengewa habari pekee, ambazo haziruhusiwi katika matangazo ya biashara.

Kwa asiye na fedha, zipo leseni za Creative Commons, na herufi zake zafaa kusomwa kwa makini. BY humtaka mtumiaji amtaje mwenye kazi. ND hukataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. SA hudai kazi itokanayo na hiyo itolewe kwa masharti yale yale. NC hukataza matumizi ya kibiashara, na hiyo ndiyo mwenye duka au hoteli anayopaswa kuiepuka. Tovuti za Unsplash, Pexels na Pixabay huruhusu biashara kutumia picha zake bila malipo, ila leseni zake si hakikisho kwamba watu au nembo zinazoonekana pichani zimeombewa idhini.

Sura ya mtu

Hapo ndipo linapoingia suala la pili. Hakimiliki ni ya mpigapicha, lakini sura ni ya mwenyewe. Kifungu cha 31 cha Katiba hulinda faragha, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya wazi kabla ya data ya mtu kutumiwa kibiashara. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi.

Adhabu zimekwisha kutolewa. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ya Uthiru ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila picha iliyo kwenye tovuti yafaa iwe na faili yake: ilikotolewa, tarehe ilipopakuliwa, nakala ya leseni ya siku hiyo, risiti, na idhini iliyotiwa saini na wanaoonekana. Aliyejengewa tovuti na fundi adai stakabadhi hizo kabla ya kumaliza malipo, kwa kuwa barua ya wakili humfikia kwanza mwenye biashara ambaye jina lake liko kwenye tovuti. Picha isiyo na maelezo hayo ni afadhali iondolewe leo, na nafasi yake ichukuliwe na picha ya bidhaa yenyewe iliyopigwa kwa simu dukani. Huenda isipendeze kama ile ya ughaibuni, lakini ina mwenyewe anayejulikana, na mteja ataona kile atakachouziwa.